Ender's Game imeyabana mno mafunzo

Mhariri,

Wanaoisifu filamu ya Ender's Game (2013) kwa vita vyake vya angani wanakiacha kiini: mafunzo. Katika riwaya ya 1985 iliyozaa filamu hii, mtoto Ender anachukuliwa na jeshi akiwa na miaka sita na kufunzwa kuongoza vita kwa miaka mingi. Mwongozaji Gavin Hood amemfanya kijana mkubwa na kuyabana yote ndani ya dakika 114. Mapambano ya kila siku yanayomchosha mtoto hadi avunjike hayaonekani, na hilo linaniuma.

Chumba cha mapambano, ambamo watoto hao hufanya mazoezi ya vita wakielea, kimetendewa haki. Pasipo uzito, anayejisukuma ukutani hawezi kugeuza njia wala kupunguza mwendo mpaka aguse kitu. Akikosea pembe kidogo mwanzoni, atapita mbali na shabaha.

Msomaji wako