Barua kwa wifi yangu, kabla hujalipia nyumba

Wifi yangu,

Nimeuona ujumbe wako kwenye kundi la familia. Siku nne, mji wa milimani, watoto wote, na ratiba umeshaipanga saa kwa saa. Wenzetu wamejibu kwa vidole gumba na mioyo. Mimi nimeshindwa kuandika pale, kwa sababu ninalotaka kusema ni refu, na kwa sababu lile lingine bado hatujalizungumza. Naandika hapa, ambapo najua huwa unasoma hata usipojibu.

Kwanza nikushukuru. Bila wewe ukoo huu ungekuwa unakutana misibani tu. Wewe ndiye unayepiga simu, unayekusanya michango, unayekumbuka nani hali nini. Na sijasahau ulivyokaa na mimi nilipojifungua wa kwanza, ukawa unaniamsha ninyonyeshe na kumbeba mtoto nipate kulala. Ndiyo maana lile neno la pale maegesho liliniuma kuliko ambavyo lingeniuma kwa mtu mwingine.

Lakini wifi, siku ya kwanza umeijaza mno. Mnafika saa nne asubuhi, saa sita makumbusho, saa tisa matembezi mjini, usiku chakula cha pamoja. Futa yote. Siku ya kwanza ni ya kufika, kuvua viatu, kunywa maji, kula kitu chepesi na kulala. Ukifika mita 2,400 hivi, kimo cha karibu na Addis Ababa, kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa kama robo ukilinganisha na usawa wa bahari. Mtu mzima atasema ngazi zimekuwa ndefu. Mtoto wa miaka miwili hana namna ya kukuambia kichwa kinamgonga. Atalia, atakataa chakula, atatupa mdoli anaoupenda, atakesha. Watu wataona mtoto mkorofi. Dalili hizo huanza saa chache baada ya kufika, na kwa wengi huisha baada ya siku moja au mbili, mradi wasiendelee kupanda.

Sisemi tusiende. Mji wa kimo cha Nairobi, mita 1,700 hivi, hauwasumbui wengi. Shida huanza kuonekana zaidi kuanzia kama mita 2,500, na miji kama Bogotá ya Kolombia na Quito ya Ekwado iko juu ya hapo. Kwenye ujumbe wako umetaja bei ya nyumba, idadi ya vitanda na hata rangi ya mapazia, lakini kimo cha mji hukukitaja. Kitafute kabla ya kulipa. Na yule mtoto mchanga wa mdogo wako, aliyezaliwa kabla ya wakati, daktari wake aulizwe kwanza, wala isiwe juu juu kwa simu.

Unajua ninakoelekea.

Safari ile iliyopita ya milimani, mwanangu alilia usiku wote. Ulimsikia, chumba chako kilikuwa ukuta kwa ukuta na chetu. Ndiyo kwanza usingizi umemchukua, ukagonga mlango kusema dereva yuko chini anasubiri. Nikakwambia, "Wifi, sisi tubaki." Ukasema pesa imeshalipwa. Kaka yako akaniangalia, kisha akaanza kumvalisha mtoto viatu. Hilo ni langu na yeye, tumeshalizungumza.

Barabara ilikuwa kona tupu. Watoto wa umri huo, kuanzia miaka miwili kuendelea, gari huwachafua tumbo kwa urahisi, na huyu alikuwa na njaa, hajalala, na kichwa kinamuuma. Alitapikia mtandio wangu wa kijani. Kisha akawa anaivuta kofia yake ishuke mpaka puani, aizibe ile nuru, na kila nilipoipandisha nimwone macho aliivuta tena kwa mikono miwili. Tulipofika maegesho ya pale vinapopandiwa vile vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya, nikasema siendi juu zaidi. Wewe ukasema, mbele ya watoto wote na mbele ya Mama, "Huyu mtoto mnamlea kama yai." Mkapanda. Mimi nikabaki kwenye gari na mwanangu kifuani, pamoja na dereva ambaye, Mungu ambariki, alizima redio bila kuombwa.

Jioni ukaweka picha: "Familia nzima juu ya mawingu." Wifi, familia nzima haikuwepo. Mimi na mwanangu hatukuwepo.

Sikukususia. Nataka ulielewe hilo, maana nimesikia ulivyolisimulia kwa shangazi. Karibu kila mji wa namna hii una kilima chake cha kupigia picha. Addis Ababa kuna Entoto, juu ya mita 3,000. Bogotá kuna Monserrate, mita 3,152. Quito vibanda vya nyaya vinakupeleka karibu na mita 4,000 ndani ya nusu saa. Mwili ambao bado unahangaika kuzoea kimo cha pale unapolala, wewe unauongezea mlima mwingine. Kanuni inajulikana: dalili zikiwepo, hupandi zaidi, zikizidi, unashuka. Hawaitumii waoga peke yao, hata wapanda milima wazoefu wanaifuata. Nami nilikuwa naifuata na mtoto wa miaka miwili. Tuliposhuka alilala mpaka saa nane, akaamka akaomba maji, akaomba na chakula. Wewe hukuliona hilo kwa sababu mlikuwa bado juu.

Na sasa naona kwenye ratiba mpya kilima kipo tena. Siku ya pili, alfajiri. Kisogeze siku ya tatu au ya mwisho, watoto wakiwa wameshalala usiku kadhaa na kucheza. Anayetaka kubaki na abaki, bila neno.

Mengine ni mepesi. Chagua nyumba moja, tulale hapohapo mpaka tunaondoka. Kuhamahama na watoto ndiko kunakomaliza likizo. Iwe karibu na bustani au uwanja wa nyasi, kwa sababu watoto wetu hawatakumbuka makumbusho, watakumbuka mteremko waliobiringika. Ile ya kwanza uliyotutumia, yenye baraza, ni bora kuliko hii ya pili ya ghorofa ya nne. Uliza maji ya moto na mablanketi. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mchana mtoto anavua sweta, jioni anatetemeka. Nguo ziwe nyepesi nyepesi za kuvaa moja juu ya nyingine, na sweta zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisizame chini ya sanduku. Usidanganywe na ubaridi ukasahau kofia: miale inayounguza ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Midomo hukauka, pua nazo, basi maji yawepo muda wote. Ndege ikianza kushuka wanyonyao wanyonye, wakubwa wanywe kidogo kidogo, masikio yasiwaume.

Kuhusu saa, asubuhi ndiyo yetu. Kwenye miji ya juu ya ukanda wa joto mvua za msimu hupenda kunyesha baada ya mchana, na mchana ndio wakati wadogo wanapolala. Tutoke asubuhi kwa jambo moja, turudi, tule, walale, mvua inyeshe ikitaka. Jambo moja kwa siku linatosha. Najua kwako hiyo ni kupoteza pesa, umesafirisha watu mbali ili wakae barazani. Lakini mara ya mwisho nilipokuona ukicheka mpaka machozi tulikuwa tumekaa barazani, siku mvua ilipoharibu ratiba yako na Mama akaanza kusimulia ulivyoiba mbuzi wa jirani ukamficha chini ya kitanda.

Wanao ni wakubwa sasa, wanapanda chochote. Nilikuwepo walipokuwa wadogo, na sikumbuki hata siku moja uliyowaamsha wakiwa wagonjwa ili wapelekwe mahali. Ulikuwa unatufukuza mlangoni tusiwapigie kelele. Kwa nini wangu awe yai?

Sweta ya njano ya mwanangu bado iko kwako. Haimtoshi tena, ila nirudishie.

Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa, niombe ruhusa kazini. Siku ya kwanza ikibaki wazi, na kilima kikisogezwa, tunakuja wote na nitasaidia kulipia nyumba. Ukitaka kubaki na ratiba yako ilivyo, nendeni salama, sitanuna. Ila wewe ndiye utakayempigia Mama kumweleza kwa nini hatupo, na umweleze yote, kuanzia lile neno la maegesho.

Wifi yako