Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dakika kumi za mama yangu

Mheshimiwa Waziri,

Mama yangu alifika zahanati alfajiri, ngumi ameikandamiza katikati ya kifua, jasho jembamba likimtoka. Hakusema moyo unamuuma. Alisema tumbo la juu linawaka na pumzi inakata. Akaandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo, akarudishwa nyumbani. Mashine ya ECG, inayopima umeme wa moyo, ilikuwepo chumba cha pili, imefunikwa kitambaa. Karatasi zake zilikwisha na hakuna aliyeagiza nyingine. Jioni, hospitali kubwa, tukaambiwa sehemu ya msuli wa moyo imeshakufa. Mama yu hai, ila ngazi tano tu zinamshinda.

Moyo nao una mishipa yake ya kuulisha damu. Mafuta hujijenga kwenye kuta za mishipa hiyo miaka na miaka, njia ikazidi kuwa nyembamba. Huo ndio ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mtu akipanda kilima kifua kinabana, akipumzika kinaachia. Huyo ndiye wa kumwahi! Siku utando unaofunika mafuta ukipasuka, damu huganda juu yake, mshipa ukaziba, na msuli huanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Baadhi ya wagonjwa, hasa wanawake, wazee na wenye kisukari, hawashiki kifua kabisa. Wanalalamikia uchovu, kichefuchefu, au kuhema. Ndiyo maana wengi wanapewa dawa ya kiungulia.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 9.1 vya ugonjwa huu mwaka 2021, na hakuna ugonjwa ulioua zaidi.

Ninachoomba ni agizo lako: anayefika na maumivu kati ya taya na kitovu, au aliyekatika pumzi ghafla, apimwe ECG ndani ya dakika 10, kabla ya kuulizwa kadi. Dakika hizo sikuzitunga mimi, ndizo zilizomo kwenye miongozo ya madaktari wa moyo. Na kipimo kikitoka safi asiruhusiwe kwa hicho tu. Kirudiwe, na damu ipimwe troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, zaidi ya mara moja, kwa kuwa saa za mwanzo huweza kuwa bado haijapanda. Akishukiwa mshtuko wa moyo, atafune aspirini hapo hapo, kama hana sababu ya kuikwepa. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha inapunguza vifo kwa karibu robo.

Halafu, Mheshimiwa, tuma mtu akafunue vile vitambaa, aangalie kama karatasi zipo.

Wako,
Mtoto wa mgonjwa