YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA MDAHALO WA KIDATO CHA TATU

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule imefungwa salama. Ripoti ya maendeleo ya mwanao imeambatishwa, na tarehe ya kufungua imeandikwa juu yake. Sare ni ile ile.

Niseme kwanza la furaha. Mliokuja Siku ya Wazazi mlijionea wenyewe: Kidato cha Tatu chote kilipanda jukwaani, kila mwanafunzi dakika tatu, na hakuna aliyesoma karatasi. Hawakuwa wale mahodari wachache tunaowaona kila mahafali. Walikuwamo hata wale ambao mwezi Januari wakiitwa majina walikuwa wakiitikia kwa kunong'ona. Nimejivuna, na sifichi.

Wengi mmeuliza tumefanyaje. Kipindi cha mwisho cha kila Ijumaa ni cha kuzungumza. Wiki za mwanzo hapandi mtu jukwaani: wanazungumza wawili wawili wakiwa wamekaa, kisha mbele ya kundi la watu sita, kisha darasa, ndipo ukumbi. Mtoto anayetolewa ghafla mstarini aseme mbele ya shule nzima hajifunzi ujasiri, anajifunza kutoroka. Hotuba ya kwanza ni ya Kiswahili, na wiki inayofuata hurudiwa ile ile kwa Kiingereza, maana woga wa jukwaa na woga wa lugha vikimjia kwa mpigo vinamshinda vyote. Anayecheka kosa la sarufi hupanda yeye na kuendelea pale mwenzake alipoishia. Vicheko vimepungua sana.

Kukariri tumekataza. Aliyekariri akisahau neno moja, yote yanayofuata yamekwenda nalo, anabaki kutazama dari. Badala yake anaandaa hoja tatu, kila moja na sababu yake na ushahidi wake, halafu anazihamishia kwenye kipande cha karatasi ngumu cha ukubwa wa kiganja, maneno yasiyozidi kumi. Karatasi kubwa hutetemeka pamoja na mkono na ukumbi mzima ukaona. Kipande kigumu kinamsitiri. Dakika tatu kwa mwendo wa kueleweka ni kama maneno 300, kwa hiyo anayekuja na kurasa mbili atakimbia, na anayekimbia huishiwa pumzi katikati ya sentensi. Salamu ni sentensi moja. (Risala zetu za mahafali zinajulikana: kabla itifaki haijaisha kuzingatiwa, mgeni rasmi ameshatazama saa.) Kipaza sauti kikae upana wa kiganja kutoka mdomoni, chini kidogo, la sivyo kila "p" na "b" inalipuka kwenye spika. Mtunza muda hugonga kengele dakika mbili na nusu zikitimia, kisha tena dakika ya tatu, na hapo msemaji anashuka hata kama ndiyo kwanza amenoga.

Kazi ngumu kuliko zote ni kujibu. Kabla hujampinga mwenzako, unairudia hoja yake kwa maneno yako mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Takwimu inatajwa pamoja na chanzo na mwaka wake. Ukisema "asilimia themanini ya vijana" ukaishia hapo, mwenyekiti anaifuta. Upande wa kutetea au kupinga hupatikana kwa kura, ili mtoto azoee kuitafutia nguvu hoja asiyoipenda. Mzazi aliyelalamika kwamba mwanawe ametetea jambo wasilolikubali nyumbani, jibu lake ndilo hilo.

Sasa nije kwenye lililotuharibia siku.

Hoja ilikuwa simu ziruhusiwe shuleni. Mtetezi mmoja alipoishiwa majibu alimwambia mpinzani wake kwamba anapinga kwa sababu kwao hawana uwezo wa kununua simu. Hapo hakuna hoja. Kwao kuwe na simu kumi au kusiwe na hata moja, swali la kama simu zinawatoa wanafunzi kwenye somo linabaki pale pale. Mwenyekiti wa mdahalo, mwanafunzi wa Kidato cha Nne, alimkatiza papo hapo na kumfutia alama zote za kujibu. Hakusikika, kwa sababu ninyi mlikuwa mnapiga vigelegele. Baadhi yenu mliinuka mkaenda kumtuza noti. Kijana amelipwa fedha taslimu kwa kumdhalilisha mwenzake, mbele ya walimu waliomfundisha muhula mzima kwamba hilo ni kosa. Kisha mmoja wenu alirekodi, na kufika jioni video ilikuwa imezagaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Aliyedhalilishwa hakurudi shule siku zilizobaki. Mitihani aliyoikosa ataifanya tukifungua.

Mzazi wa msemaji alikuja ofisini kunieleza kwamba kijana ana kipaji na Katiba inampa uhuru wa kusema. Kipaji anacho, sauti yake inafika ukuta wa nyuma bila spika, ndiyo maana tunambana zaidi ya wengine. Uhuru anao, Ibara ya 18. Ibara ya 30 nayo inakataza uhuru wa mtu mmoja kutumika kuingilia haki za wengine, na zote mbili zimo katika kitabu kimoja.

Kijana ameomba radhi mstarini. Muhula ujao hatapanda jukwaani mpaka aandae hotuba ya upande aliouponda, yenye ushahidi kamili. Aliyerekodi aifute video hiyo na awaombe aliowatumia waifute; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na Bodi ya Shule imeshaarifiwa. Kuanzia sasa hakuna kutuza wakati wa mdahalo, simu zitabaki mezani kwa mwalimu wa zamu, na makofi yatapigwa msemaji akishamaliza.

Jambo jingine ni homa ya Ijumaa. Inampata mtoto zamu yake ya kuzungumza inapofika, na Jumamosi asubuhi amepona. Barua za ruhusa zina saini zenu. Mnadhani mnamhurumia, kumbe kila Ijumaa anayoikwepa inaikuza ile inayofuata. Muhula ujao zamu itamsubiri hata mwezi mzima. Likizo hii mpeni dakika tatu baada ya chakula, televisheni ikiwa imezimwa, asikatizwe. Akimaliza mwulizeni swali moja: umejuaje hayo?

Mchango wa chakula mliupitisha wenyewe mkutanoni, na wanaochelewa ni wale wale. Mwenye shida ya kweli aje ofisini kabla ya kufungua, tuzungumze. Hatutamtaja mtoto mstarini kwa deni la mzazi wake, lakini mzazi nitampigia simu, na nitaendelea kumpigia.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, saa tatu kamili asubuhi. Saa tatu, si saa tano.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule

Nakala: Mwenyekiti, Bodi ya Shule