Mama, usijilazimishe kuimba

Leeds, Uingereza
9 Novemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeona niandike, maana kwenye simu wewe hunyamaza, nami nikaanza kukuuliza habari za kuku. Jumapili iliyopita ulinambia kwamba ukisimama kanisani na akina mama wenzako, mdomo unafunguka lakini sauti haitoki, na unaogopa imani yako imezikwa pamoja na mdogo wangu kule Rabai. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Haijazikwa, Mama. Lakini kwanza nikwambie nililokuficha.

Tangu mwezi wa tano hadi wa tisa sikuomba. Ulipokuwa ukiniuliza kama nasali nikaitikia, nilikudanganya, nisamehe. Ningeomba nini? Miaka miwili nilifunga kila Ijumaa kwa ajili yake. Siku mbili za wiki alizokwenda kusafishwa damu, nilipiga magoti kando ya kitanda hata kama nimetoka zamu miguu imevimba. Halafu akatutoka usiku wa kuamkia Jumatano, na pasipoti yangu iko ofisini kwa watu inangoja karatasi, nisiweze hata kuja kumtupia udongo. Nilimzika kwa simu. Mpwa wangu aliishika mkono ukimtetemeka, nikawa naona minazi, mara viatu vya watu, mara mawingu. Jeneza sikuliona likishuka.

Kesho yake nikaenda kazini kuwaogesha wazee wa watu.

Basi asubuhi moja mwezi wa tisa nimesimama kituoni nangoja basi, mvua ya huku ile nyembamba isiyokatika. Akapita kijana anayetembea kama yeye, bega moja juu. Nikajikuta nasema kwa sauti, kwa Kiswahili, peke yangu: "Ulikuwa unanisikia! Sasa mbona ulininyamazia?" Nililia mpaka basi likaja likapita. Nilipofika chumbani ndipo nikatambua nilikuwa nasema na nani. Ningekuwa nimeacha kuamini kweli, ningemgombeza nani pale? Yalikuwa maombi yangu ya kwanza baada ya miezi minne, na hata amina hayakuwa nayo.

Tangu hapo ninaishika sana Zaburi ya 88. Zile nyingine za kilio karibu zote hugeuka zikaishia kwenye sifa. Hii haigeuki. Mstari wa mwisho unasema, "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Basi, imekwisha, gizani. Na wazee wa Israeli hawakuitupa, waliiweka pamoja na nyimbo zao za ibada. Mtunzi hana neno la faraja hata moja, ila mwanzoni kabisa anamwita huyo huyo anayemlaumu "Mungu wa wokovu wangu". Naona na wewe umefika hapo, Mama, na hapo ni ndani ya Biblia.

Wale waliokuja matangani wakakwambia Mkristo halii, walimsoma Paulo nusu. Alichowaandikia Wathesalonike ni "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Hakuwakataza kuhuzunika. Na Yesu pale kwa Lazaro alijua fika kwamba atamfufua, bado akalia machozi. Na huyo aliyesema kijana hakupona kwa sababu nyumba yetu ilipungukiwa na maombi, neno lake limeniuma kuliko yote. Swali hilo wanafunzi waliliuliza juu ya yule kipofu, kwamba ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Akirudi tena na maneno hayo, mfungulie Yohana 9 asome mwenyewe.

Dada ameniambia yule mama jirani, Mwislamu, alikaa nawe mkekani siku tatu akimenya vitunguu na kukushika mkono, bila kuhubiri chochote. Rafiki za Ayubu nao walikaa naye chini siku saba kimya, na lile ndilo jambo jema walilomfanyia. Waliharibu walipoanza kusema. Mfikishie salamu zangu nyingi.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akituvusha Kengeleni kwenda upande wa Nyali kutuonyesha kaburi la Rosine, mke wa Krapf, yule mmisionari Mjerumani, na sisi tunataka bahari? Alikufa Julai 1844, homa, akafuatwa na kichanga chake, na mumewe mwenyewe yuko kitandani anaungua na homa hiyo hiyo. Mwezi uliotangulia ndipo Krapf alipokuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Lakini Baba hakuwa akikawia hapo. Alikawia kwa binti yao mwingine, aliyezaliwa safarini huko Habeshi na kufa mara, ambaye walimbatiza Eneba, yaani Chozi. Nilipokuwa mdogo niliona hilo si jina la kumpa mtoto. Sasa nalifikiria nikiwa kazini usiku. Mtu anamleta mwanawe mbele za Mungu, hana shukrani ya kutoa, anatamka alicho nacho: Chozi. Na Krapf hakuondoka pwani. Mmisionari mwenzake Rebmann alipofika mwaka 1846 wakapanda pamoja Rabai, kwa babu zetu. Injili ililetwa kwetu na mtu aliyekuwa amezika mke na watoto wawili.

Kwa hiyo Jumapili nenda, Mama, lakini usijilazimishe kuimba. Kaa benchi la nyuma, waache wenzako waimbe. Yule mwenye kupooza alibebwa na watu wanne, na Marko anasema Yesu aliiona imani yao, wale wabebaji. Wewe umewabeba wangapi hapo Kisauni?

Pesa za saruji ya kaburi nimemtumia dada, ila msijenge kwanza. Pasipoti imerudi. Tiketi nimeshakata, nafika tarehe 19 Desemba, na kutoka uwanja wa ndege tusipitie nyumbani, twende moja kwa moja Rabai hata kama ni usiku. Nataka kuushika ule udongo kabla haujafunikwa. Na lile shati lake la buluu lililobaki kwenye kamba ya chumbani, msilifue.

Ni mimi, kifungua mimba wako.