Kumbukumbu ya MV Bukoba na kikao cha zahanati

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Alhamisi, tarehe 21 Mei, inatimia miaka 30 tangu meli ya MV Bukoba izame katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakapoteza maisha.

1. Tukutane saa 1:00 asubuhi kwenye makaburi ya Igoma. Masika imeotesha majani marefu, hivyo mwenye fyekeo au reki aje nayo.

2. Mchango ni shilingi 3,000 za maua na maji ya kunywa, akabidhiwe mweka hazina kabla ya Jumanne jioni. Aliyebanwa aje tu, tunamhitaji.

3. Saa 4:00 tutajadili zahanati yetu, ambako wiki iliyopita nilimwona mama mjamzito, mkono kiunoni, akitumwa duka la dawa kununua glavu, ilhali sera inataka wajawazito wahudumiwe bila malipo. Mliokosa dawa njooni na vyeti mlivyoandikiwa, ili barua yetu kwa kamati ya zahanati iwe na ushahidi.

Tafadhali kila mmoja athibitishe hapa, "Nitafika" au "Sitafika", kabla ya Jumapili saa 2:00 usiku.

Ahsanteni sana.
Katibu