Shukrani kwa aliyenionyesha mahali pa sensa ya joto la injini

Kwako uliyenisaidia kuondoa kabureta kwenye injini ya Volkswagen inayopozwa kwa hewa na kufunga mfumo wa kielektroniki wa kunyunyiza petroli, ninakushukuru kwa dhati. Kwa kuwa injini hii haina maji ya rejeta, nilikuwa nimeifunga sensa ya joto (kifaa kinachoiarifu kompyuta ya mfumo huo joto la injini) kwenye oili, ambayo huchelewa kupata moto, hivyo kompyuta iliendelea kuongeza petroli kana kwamba injini ingali baridi, hata plagi zikajaa masizi. Ulinielekeza niihamishie kwenye kichwa cha silinda. Ulisisitiza pia bomba la kurudisha petroli ya ziada kwenye tangi, maana pampu mpya husukuma kwa shinikizo la takriban baa 3. Jambo hilo, nakiri, nililidharau. Sasa injini huwaka asubuhi bila kusumbua.