Kwa vijana wa mbuzi wa Kadutu: msifiche mikono

Wanangu mnaochinja na kuchuna mbuzi hapa sokoni Kadutu, Bukavu, nanyi mnaowashusha kutoka Walungu na Kabare,

Jumatano nilikuja kununua mguu wa mbuzi. Kijana aliyenikatia alikuwa amefunga kidole gumba kwa kipande cha mfuko wa plastiki, na kila nilipokitazama aliurudisha mkono nyuma. Nilipomuuliza kwa sauti ya chini akanijibu, "Mzee, nyamaza tafadhali. Watasema nina mpox." Tangu siku hiyo silali vizuri, ndiyo maana ninawaandikia.

Namwelewa. Mpox, ugonjwa ule wa vipele unaoambukiza, imetutesa. Tuliisikia Kamituga, ikafika Bukavu kwetu, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Siku hizi kipele kimoja mkononi kinatosha kukufukuzia wateja. Lakini kidole kile kilinikumbusha changu.

Nikiwa kijana nilimnywesha dawa mwana-mbuzi wa baba aliyejaa vigaga midomoni. Nilimpanua kinywa kwa vidole, na kimoja kilikuwa na mkwaruzo. Siku chache baadaye pakaota uvimbe mwekundu, ukakua kama punje ya haragwe, ukaanza kutoa majimaji. Mtu mmoja akasema hilo ni jipu, akalipasua kwa wembe. Usaha haukutoka, ilitoka damu tu. Kidonda kikaingia uchafu, mkono ukavimba hadi kiwiko, na mpaka leo kidole hicho hakikunji sawasawa. Ugonjwa ungepita wenyewe. Kilichonilemaza ni wembe.

Madaktari wanauita orfu. Ni virusi vya kondoo na mbuzi, vya ukoo mmoja na vya mpox, ila ni ndugu wa mbali. Mpox kwa kawaida huja na homa, mwili kuuma na mitoki, na vipele vyake huweza kutokea usoni, viganjani, hata sehemu za siri, kisha humwambukiza mwenzako. Orfu mara nyingi ni kidonda kimoja au viwili, pale pale ulipomgusa mnyama, na ni nadra sana kitoke kwa mtu kwenda kwa mtu. Hata hivyo mpox nayo inaweza kuanza na kipele kimoja, kwa hiyo msijipime kwa macho. Nendeni mkapimwe.

Ikiwa ni orfu, hupona yenyewe, mara nyingi kati ya wiki 3 na 6. Osha kwa maji na sabuni, funika kwa kitambaa safi na kikavu. Plastiki inabana unyevu, iache. Na ule mtindo wa kufungua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya kidonda, nawasihi muuache: dawa za bakteria haziui virusi. Muuguzi atazitoa akiona kidonda kimeingiliwa na uchafu, si kabla. Asiwapasue mtu.

Msingoje hata siku moja kidonda kikiwa cheusi katikati na mkono umevimba sana, hasa kama mlimchuna mnyama aliyekufa ghafla. Hicho kinaweza kuwa kimeta, nacho huua kisipotibiwa mapema. Vilevile mwenye kinga dhaifu asisubiri, maana kwake orfu huweza kukua vibaya.

Sasa mbuzi wenyewe. Kabla ya kumshika, mtazame midomo na pua, na kama ni jike anayenyonyesha, mtazame chuchu. Mtoto mwenye vidonda humwachia mama yake vidonda akinyonya, mama akiumia humpiga teke, na mtoto hudhoofika kwa njaa. Mwenye vigaga msimpakie pamoja na wengine. Vigaga vikidondoka mahali pakavu, virusi hukaa humo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kwa hiyo zizi lililoonekana safi laweza kuwarudishia ugonjwa. Anayemhudumia avae glavu, mwenye mchubuko amwachie mwenzake. Na aliyewahi kuugua asijidanganye kwamba ameshamalizana nao, huweza kurudi. Waambieni pia ndugu zetu wanaonunua kondoo wa Idi, kwani wengi wao hushika mnyama mara moja kwa mwaka na hawajui cha kutazama.

Wateja wasiogope nyama iliyopikwa vizuri. Orfu hupita kwenye ngozi yenye mkwaruzo, si kwenye sahani.

Wewe kijana wa Jumatano, weka kisu chini mpaka kidonda kikauke. Kesho asubuhi nitakupitia sokoni twende pamoja kituo cha afya. Ukiona haya kusema, nitasema mimi kwamba unashika mbuzi kila siku, maana muuguzi asipoambiwa hilo atakisia mengine.

Mzee wenu wa Kadutu